Kadi Halisi Haitembei

Askari alipoinua mkono, Komeo alisimamisha gari polepole kama anayesafirisha maiti. Ngazi ya kati ya keki ilikuwa imefungwa mkanda kwenye siti ya nyuma, na tangu walipotoka nyumbani mkewe alikuwa amempa onyo moja tu: "Siku ya leo breki ukiikanyaga kwa hasira, Baba Pacha, utashuka uende kwa miguu."

Ngazi ya chini, pana kama sinia la shughuli, ilikuwa kwenye buti, imezungushiwa mito ya kitandani. Ya juu, ndogo na yenye maua ya sukari, Mama Pacha alikuwa ameipakata mwenyewe na kuikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki. Keki ilikuwa ya harusi ya mdogo wake wa pekee, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki. Sasa mdogo mtu alikuwa anaolewa ng'ambo ya mpaka. Wakwe zake walikuwa wametuma ujumbe wa upole kwamba kwao pia kuna waokaji wazuri, dada asijisumbue. Neno hilo la "asijisumbue" lilimkwama Mama Pacha kooni kama mwiba. Keki aliyoipakata ndiyo iliyokuwa jibu lake.

"Leseni," alisema askari.

Komeo akatoa.

"Bima."

Akatoa.

"Kadi ya gari."

Hapo Komeo alitabasamu. Alikuwa fundi wa kufuli, na kwa miaka mingi ya kuitwa na watu waliovunjiwa milango alikuwa amefikia imani kwamba binadamu wako wa namna mbili: walioibiwa, na ambao zamu yao haijafika. Wateja ndio waliomwita Komeo, na jina akalipenda. Nyumbani kwake hata kabati la sukari lilikuwa na kufuli. Kadi ya gari, ile yenyewe, ilikuwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, katika nchi nyingine. Yeye alitembea na nakala, ya rangi, iliyopitishwa kwenye plastiki mpaka ikawa ngumu na yenye kung'aa kuliko kadi iliyoizaa. Aliitoa kwa mikono miwili.

Askari aliigeuza mbele na nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Hii ni nini?"

"Kadi ya gari, afande."

"Hii ni picha ya kadi."

"Ndiyo, afande. Kadi halisi haitembei. Ikiibwa je?"

"Nikikupa picha ya ng'ombe, utakamua?"

Komeo alimtazama mkewe. Mkewe alitazama keki.

"Lakini mpakani wamenipitisha nayo," alisema Komeo.

"Mpakani walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanakula."

"Basi mimi nimeshiba."

Askari huyo hakuwa mtu mbaya. Wiki iliyopita gari la wizi lilipita kizuizini kwake mchana kweupe, dereva akamsalimia vizuri, naye akamtakia safari njema. Alisimamishwa mbele ya wenzake na kuulizwa kama alikuwa askari au mlango wa msikitini, kila anayetaka aingie. Tangu siku hiyo alikuwa ameapa kwamba hata gari la mama yake mzazi lingeonyesha kadi. Kwa hiyo alipomwona Komeo akiteremsha mkono mfukoni kwa unyenyekevu, alirudi nyuma hatua moja.

"Huo mkono utoe polepole. Mtupu."

Ukatoka mtupu.

"Twende kituoni."

Shida ikawa nafasi. Mbele palikuwa na mume na mke, na siti ya nyuma ilikuwa ya keki. Askari alizunguka gari mara mbili akitafuta pa kuketi, kisha akafungua mlango wa nyuma, akafungua mkanda, akaingia na kuinyanyua ngazi ya kati. Mama Pacha akageuka.

"Usiishike ubavuni, afande. Chini. Weka viganja chini."

Askari akaweka viganja chini. Wakaenda hivyo mpaka kituoni, mkamataji ameipakata keki, kofia imemshuka usoni na hana mkono wa kuipandishia.

*

Mkuu wa kituo alikuwa mama mnene, mtaratibu, mwenye miwani aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Halafu akatoka uani, akachungulia ndani ya gari, akachungulia kwenye buti, akavuta harufu ya vanila kwa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyotaka.

"Gari la kigeni, halina kadi," alisema. "Linashikiliwa mpaka mwenye nalo athibitike. Gari na vilivyomo, kama lilivyokutwa. Hakitoki kitu, hakiingii kitu."

"Na keki?" aliuliza Mama Pacha.

"Keki imo au haimo?"

"Imo."

"Basi umejijibu, mama."

"Afande, harusi ni leo alasiri. Mdogo wangu anaolewa. Shikeni gari, shikeni na mume wangu mkitaka. Keki niacheni nayo."

Komeo alifungua mdomo, akaona heri aufunge.

Mkuu wa kituo alivaa miwani. "Nitajuaje keki ni yako? Kama gari ni la wizi, pengine na keki ni ya wizi. Akija mwenyewe kesho akaniuliza keki yangu iko wapi, nimwambie nini? Nilimpa mama mmoja aliyekuwa analia?"

"Mimi silii."

"Uko karibu. Una risiti?"

"Risiti ya nini? Nimeioka mwenyewe! Mtu anajiandikia risiti jikoni kwake?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Niulize chochote juu ya keki hii. Ndani ina karoti, ina maganda ya chungwa, ngazi ya juu haina karanga kwa sababu bwana harusi karanga zinamvimbisha mdomo. Niulize!"

"Na mimi nitajuaje unasema kweli bila kuikata? Na nikiikata, si kama ilivyokutwa tena." Alisema hivyo bila kebehi yoyote. Alikuwa amelifikiria kwa haki na kuona kweli halina njia.

Jua lilikuwa limeshapanda. Mama Pacha aliona ua moja la sukari likianza kuinamisha kichwa. Akaomba angalau gari lisogezwe kivulini, chini ya bati la gereji ya kituo. Ombi hilo likazua jambo. Gari lisilo na kadi haliendeshwi, alisema mkuu. Huko barabarani liliendeshwa chini ya ulinzi, lakini sasa lilishafika, na safari ilikwisha. Baada ya kushauriana, ilionekana kwamba sheria haikusema neno juu ya kusukuma.

Wakatolewa mahabusu wawili, ndugu wa tumbo moja waliokuwa ndani kwa kupigana juu ya ukuta unaotenganisha nyumba zao. Mmoja alikuwa na bandeji kichwani, mwingine mkono shingoni. Walikuwa hawasemezani.

"Na usukani atashika nani?" aliuliza askari. "Anayeshika usukani si ndiye anayeendesha?"

Mwishowe mkuu aliamua kwamba usukani ushikwe kwa nje, kupitia dirishani, na mtu anayetembea. Hivyo ndivyo lilivyosogezwa: Komeo akienda kombo kama kaa, mkono mmoja dirishani, ndugu wawili nyuma wakisukuma huku wametazama pande tofauti, na Mama Pacha akirudi kinyumenyume mbele ya boneti, mikono juu, akisema, "Taratibu, baba zangu. Taratibu. Kuna jiwe hapo. Msinitikisie ya chini."

"Na wewe sukuma, usijifanye una mkono mmoja," alisema mwenye bandeji.

"Nani kauvunja?" alijibu mwenzake. Na hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu wiki iliyopita.

*

Mkuu aliruhusu simu moja, akasema ipigwe kwa sauti ya wazi ili kila mtu asikie, maana watu hupanga njama. Nyumbani alikuwapo mama yake Komeo, aliyebaki na wale pacha. Sikio lake la kulia lilikuwa limechoka, na simu aliiweka sikio hilo hilo kwa kuwa la kushoto alilihifadhi kwa mambo ya maana.

"Mama! Shikamoo. Chini ya kitanda chetu kuna sanduku la chuma!"

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa! Sanduku!"

"Sanduku la nani?" Sauti ya bibi ilianza kutetemeka. "Mungu wangu, na harusi leo!"

Ilichukua muda kulifukia jeneza hilo. Bibi alipoelewa, alilivuta sanduku sebuleni, wakasikia linavyokwaruza sakafu.

"Lina kufuli kama la benki," alisema.

Komeo alikohoa na kuangalia pembeni. Lilikuwa kufuli la kutengeneza mwenyewe, la pekee. Wateja aliwaambia kwamba mwizi atakayelifungua hilo atakuwa amesomea. Funguo alikuwa nazo hapa, kiunoni. "Mama, itabidi umwite fundi mwenzangu wa barabara ya pili. Aje na tindo na nyundo kubwa. Mwambie asipige mbele, apige kwa..."

"Limefunguka."

Komeo alizishika funguo zake kiunoni.

"Limefunguka vipi?" aliuliza Komeo.

"Nimeingiza mpini wa kijiko. Nikazungusha."

Askari aliyewakamata aligeuka ukutani, mabega yake yakawa yanatikisika. Mama Pacha hakucheka. Alimtazama mumewe kwa makini, kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Haya, mama, humo ndani kuna kadi..."

"Kuna vitu vingi humu. Kuna vyeti vya kliniki. Kuna vipande vya kufuli. Kuna rimoti."

"Rimoti gani?" Mama Pacha alisogea karibu na simu.

"Ya televisheni. Nyeusi. Ina plasta nyuma."

Mama Pacha aligeuza shingo polepole. "Baba Pacha. Mwaka mzima tunainuka kubadilisha kituo kwa kidole. Nimewachapa watoto kwa ajili ya rimoti ile."

"Niliiweka isipotee," alisema Komeo.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Aliiweka isipotee, kisha akasahau kwamba aliiweka, akaitafuta pamoja na wengine, na siku watoto walipochapwa alisimama mlangoni akisema watoto wa siku hizi hawana adabu.

Kadi ilikuwamo. Mwana wa jirani aliipiga picha na kuituma. Komeo akaipeleka simu kwa mkuu wa kituo kwa fahari iliyobaki.

Mkuu aliivuta picha, akaikuza, akaisogeza. "Nzuri," alisema. "Lakini hii nayo ni picha."

*

Walikaa kwenye benchi nje ya ofisi, katikati yao nafasi ya mtu wa tatu. Bibi alikuwa amesema atatafuta mtu wa kumpa kadi aje nayo kwa basi, lakini basi lingefika kesho.

"Useme kitu," alisema Komeo.

"Niseme nini?"

"Hata unitukane."

"Nikitukana nitalia, na nikilia yule mama ataandika kwamba nimelia." Mama Pacha alifuta mikono kwenye gauni lake jipya, ingawa haikuwa na kitu. "Unajua wakwe zake watasema nini? Watasema, tulimwambia asijisumbue. Watasema kwa upole. Afadhali wangekuwa watu wa matusi."

"Mimi nilikuwa nachunga mali yetu."

"Unachunga, Baba Pacha. Unachunga mpaka hakuna anayefaidi. Sukari imefungiwa, rimoti imefungiwa, kadi imefungiwa, na sasa keki yangu iko jela."

Komeo aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba baba yake aliwahi kuibiwa kila kitu mpaka vyungu, na yeye mtoto alilala juu ya mkeka uliokuwa umebaki kwa kuwa ulikuwa umetoboka. Lakini mkewe aliijua habari hiyo, na siku ya leo haikuwa na nafasi yake.

Mama Pacha akampigia mdogo wake. Hakumzungusha. "Mdogo wangu, keki imekamatwa."

Upande wa pili, katikati ya ngoma na vigelegele, bibi harusi aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Halafu akasema, "Kituo kipi?"

*

Walikuja na magari matatu yenye riboni. Ndoa ilikuwa imefungwa tayari, na ilikuwa imebaki karamu. Bibi harusi aliteremka mwenyewe, akakusanya gauni lake mkononi kama mtu anayevuka dimbwi, akaenda moja kwa moja kumkumbatia dada yake. Nyuma yake alishuka mumewe, kijana mpole aliyetoka jasho, na baba mkwe, mzee aliyevaa suti ya kijivu na aliyekuwa na desturi ya kusema mambo machungu kwa sauti ya pole.

"Poleni sana," alisema baba mkwe, akilitazama gari. "Poleni kwa usumbufu. Si tulisema lakini?"

Komeo, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu benchini, alisimama.

"Kosa ni langu, mzee wangu. Keki haina kosa. Shemeji, nisamehe. Kadi niliifungia."

"Najua, shemeji," alisema bibi harusi. "Hata albamu ya picha za harusi yenu ulitufungulia dakika tano ukairudisha."

Alielezwa mambo yote: kwamba keki imo garini, kwamba haitoki, kwamba haikatwi kwa kuwa lazima ibaki kama ilivyokutwa. Alisikiliza huku akitikisa kichwa. Kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara ya hospitali, na hata siku ya harusi yake hakuweza kuiacha kabisa.

"Afande," alimwambia mkuu wa kituo, "mmeandika nini kwamba kimo ndani ya gari?"

"Keki. Ngazi tatu."

"Mmejuaje ni keki?"

Mkuu alivua miwani. "Inaonekana."

"Inaonekana kwa nje. Mimi kazini siandiki 'damu' kwa sababu kitu ni chekundu. Nachukua sampuli, napima, ndipo naandika. Gari halina kadi, limetoka nje ya nchi, limejaa vitu vyeupe. Kama ndani kuna kitu kingine kimepakwa krimu? Mtakuwa mmeweka sahihi kwamba ni keki."

Askari aliyewakamata alisimama wima. Alikumbuka gari la wizi na dereva aliyesalimia vizuri. "Afande," alisema kwa sauti ya chini, "kweli hatujakagua."

Mkuu wa kituo alizunguka gari lile mara moja. Alikuwa mtu wa sheria kikwelikweli, wala hakuwa anatafuta mlango wa kutokea. Hata hivyo mlango alipouona umefunguliwa kihalali, hakuwa na sababu ya kugonga ukuta. Na tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai ya mkandaa tu, isiyo na maziwa wala kitafunwa.

"Ukaguzi ni lazima," alisema. "Ufanyike ndani ya gari. Haitoki."

"Haitoki," alikubali bibi harusi.

"Kila ngazi peke yake. Maana ya juu yaweza kuwa keki na ya chini isiwe."

Kisu kilitoka jikoni kwa polisi. Bwana harusi alipanda siti ya nyuma kwa magoti, suti na viatu vyote; bibi harusi akaingia kwa mlango wa pili, nusu ya gauni ikabaki nje, imeshikwa na wifi zake. Mikono yao miwili ikakutana juu ya kisu, kati ya siti na kioo. Vigelegele vilipigwa uani kwa polisi mpaka watu waliokuja kushtaki mambo yao wakaacha foleni na kuja kutazama. Mpiga picha alilala chini, akapiga kupitia dirishani, na katika kila picha juu ya vichwa vya maharusi palisomeka, kwenye ukuta wa nyuma: TOA TAARIFA ZA UHALIFU.

Kipande cha kwanza, kwa mujibu wa utaratibu, kilikwenda kwa mkuu. Alitafuna amefumba macho. Watu wote walimsubiri.

"Karoti," alisema. Akatafuna tena. "Na maganda ya chungwa." Akamfumbulia Mama Pacha macho. "Mama, keki hii ni yako."

Hapo ndipo Mama Pacha alipolia.

Ukaguzi ulihitaji mashahidi, na mashahidi walipatikana wengi. Baba mkwe alipokea kipande chake kwa uso wa pole, akala kimya, halafu akasogea tena kwenye buti akauliza, bila kumtazama mtu, kama ngazi ya chini imeshathibitika au bado kuna mashaka. Wale ndugu wawili walipewa sahani moja, kwa kuwa sahani zilikuwa chache, na mwenye bandeji akamshikia mwenye mkono mmoja. Kufikia mwisho palibaki mito ya kitandani na makombo, na mkuu akaandika kwa herufi zake nzuri kwamba keki ilikaguliwa, ikaonekana ni keki, na imekwisha.

Gari lenyewe lilibaki, na Komeo pamoja nalo, maana hakutaka kuliacha bila mtu. Mkewe alisimama kati yake na magari yenye riboni.

"Nenda," alisema Komeo. "Ni mdogo wako. Nenda ukacheze."

Alidhani atakataa. Mama Pacha alimpa mto mmoja, akapanda gari la baba mkwe, siti ya mbele, akaenda akacheza.

*

Asubuhi alirudi na chakula cha karamu kwenye bakuli lenye kifuniko. Alimkuta mumewe ameketi na askari yule, wanazungumza habari za milango. Kabla hajafungua bakuli, bajaji ilisimama getini, akateremka mama mkwe wake mwenyewe, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kwapani.

"Shikamoo, Mama! Umekuja mwenyewe?" alishtuka Mama Pacha. "Na watoto?"

"Marahaba. Wako kwa jirani. Ningempa nani? Huyu mwanangu kanichosha kwa maneno yake, kadi halisi haitembei, kadi halisi haitembei. Nikaona kama ni lazima itembee, itembee na mimi." Akaingiza mkono ndani ya gauni, akatoa kadi iliyofungwa kwenye leso.

Mkuu wa kituo aliipokea. Aliilinganisha na namba ya gari, akaenda kuchungulia namba ya injini, akarudi. Kila kitu kilikuwa sawa. Akaandika barua ya kuliachilia gari, na habari za keki humo humo, akagonga muhuri, akamrudishia Komeo funguo za gari. Halafu, kwa adabu tu, kama mtu anayemsalimia mgeni, aliuliza, "Mama, pale mpakani hawakukusumbua? Pasi yako ni ya nchi yenu?"

"Pasi?" alisema bibi.

"Hati ya kusafiria."

"Sina kitu kama hicho. Nimezaliwa sina, nimezeeka sina."

Komeo alishika kichwa.

"Ukapitaje?" aliuliza mkuu.

"Tulishushwa kwenye basi, tukapangwa mstari. Kijana akasema, 'Mama, karatasi.' Nikamwonyesha hiyo. Akaigeuza, akasema, 'Mama, hii ni kadi ya gari.' Nikamwambia ndiyo, gari ni la mwanangu. Akasema pita."

Askari alimtazama mkuu wake. Mkuu alitazama muhuri, kisha daftari, kisha bibi, ambaye alikuwa ameketi bila kukaribishwa na kuanza kuvua kiatu kinachombana. Gari sasa lilikuwa na karatasi zote. Asiyekuwa nayo hata moja alikuwa mwenye kulikomboa. Mkuu wa kituo aliona wazi siku nzima iliyokuwa inamngoja: simu, maelezo, makao makuu, bibi huyu kwenye benchi lake, na safari hii hakuna keki.

"Vaa kiatu, mama," alisema. "Mimi sasa hivi nakwenda kunawa mikono. Nikirudi nataka uwanja uwe mweupe."

*

Komeo alishika usukani, wakaondoka. Mama Pacha alimpa mama mkwe wake bakuli, naye alikula nyama ya karamu akisifia. Walipokaribia mpakani, hofu iliwashika mume na mke, kwa kuwa wanaotoka nchini walikuwa wanaulizwa karatasi zaidi kuliko wanaoingia.

"Nishusheni hapa," alisema bibi.

"Hapa wapi, Mama? Utakamatwa!"

"Nishusheni, nimechoka kukunja miguu."

Akashuka. Kando ya barabara kulikuwa na kijinjia, na wanawake waliobeba matenga ya nyanya walikuwa wanakipita kwenda soko la upande wa pili. Bibi alimpokea mmoja tenga dogo, akaanza naye mazungumzo, akapotelea nyuma ya kibanda cha vocha.

Komeo na mkewe wakajipanga foleni. Walionyesha pasi. Walionyesha leseni, bima, kadi halisi, na barua ya kituo yenye muhuri. Ofisa wa dirisha la kwanza akawapeleka la pili, la pili likawarudisha la kwanza, kwa sababu barua ilisema gari lilishikiliwa, na gari lililoshikiliwa lazima ieleweke kwa nini limeachiwa. Ofisa mmoja alisoma maneno "keki imekwisha" akaomba ufafanuzi. Komeo alianza kueleza. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikieleza, alinyamaza katikati, akamtazama mkewe, na Mama Pacha, ambaye tangu jana alikuwa hajamwachia hata tabasamu, akaziba mdomo kwa kanga, akainama, akacheka mpaka akashika ukingo wa dirisha.

Walisikia sauti ikiita jina la utotoni la Komeo, kutoka ng'ambo ya kizuizi. Bibi alikuwa ameketi juu ya kreti la soda upande wa kwao, amevua viatu vyote viwili, anakula nyanya.

"Nyinyi!" alipaza sauti. "Mnafanya nini huko mpaka saa hizi?"